Pua ya Mlaji na Mahali Inapokomea

Katika sheria na nyaraka za nchi yetu, mtu anayenunua bidhaa kwa matumizi yake huitwa mlaji. Huitwa hivyo hata kama alichonunua ni ndoo, betri ya redio au bati la kuezekea, vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvitia mchuzi. Katika somo hili neno hilo linarudi nyumbani kwake. Tunazungumza na mlaji anayekula kweli: yule wa Kibiti, Ikwiriri, Nyamisati na visiwa vya delta ya Rufiji, anayeamkia kiporo, anayechagua kamba dikoni, na ambaye jioni hukaa barazani na kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata.

Mlaji huyo anatembea na mkaguzi wake. Mkaguzi huyo hana leseni, hadai posho ya safari, na yuko kazini tangu siku ya kuzaliwa. Ni pua. Macho na vidole humsaidia, lakini pua ndiyo inayotoa hukumu. Mama anayefunua chungu, akainama, akanyamaza kidogo kisha akasema, “Hiki kimwageni,” amefanya ukaguzi wa chakula, na mara nyingi amekuwa sahihi. Tunamheshimu mkaguzi huyu. Hata hivyo yako mambo ambayo pua haiyajui kabisa, wala haitayajua hata ikae jikoni miaka 60, na kwa baadhi yake kosa moja tu limegharimu maisha.

Tuanze na asubuhi, na tuanze na kitu kinachopendwa kuliko tunavyokubali mbele ya wageni. Mgeni huandaliwa chapati za moto, lakini moyo wa mwenye nyumba uko jikoni, kwenye sufuria ya wali wa jana inayopashwa juu ya makaa mpaka chini ushike ukoko mpya. Chai ya rangi ikiwa pembeni, siku imeanza vizuri. Hatuna nia ya kumnyang'anya mtu furaha hiyo. Wali wa huku umegharimu jasho: wapo watu waliolala kwenye madungu msimu mzima, wakifukuza ndege mchana na nguruwe mwitu usiku, ili mpunga huo ufike kinuni. Kuumwaga si jambo jepesi.

Tatizo la kiporo liko hapa. Wali unapochemka, vijidudu vingi hufa. Iko lakini aina moja ya bakteria, ambayo wataalamu huiita Bacillus cereus, inayojifunga ndani ya ganda gumu mithili ya mbegu na kuvumilia moto wa jikoni. Sufuria ikiachwa mezani usiku kucha katika joto la pwani, mbegu hizo huchipua, bakteria huzaana, na baadhi yao huacha sumu ndani ya wali. Sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa, hata ukoko uwe mweusi. Aliyeila huanza kutapika baada ya saa chache, mara nyingi kati ya saa 1 na 6, na mara nyingi lawama hupewa chai.

Pua inasemaje? Inajua nusu ya habari. Wali ukiwa umepikwa kwa nazi, tui huchacha mapema na pua hupiga kelele. Lakini sumu tunayoizungumzia haina harufu. Wali mweupe unaweza kunukia vizuri kabisa na bado ukamlaza mtoto.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2. Nyumba yenye friji haina taabu kubwa: wali utandazwe kwenye sinia upoe upesi, kisha ufunikwe na kuingizwa ndani. Usiingizwe ukiwa bado kwenye sufuria iliyojaa, kwa maana katikati ya sufuria hubaki vuguvugu kwa muda mrefu, na vuguvugu ndiyo hali ambayo bakteria huipenda. Kwa nyumba isiyo na friji tunasema bila kuzunguka: wali uliolala juu ya meza hatuwezi kuuita salama, hasa kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa. Njia iliyobaki ni kipimo. Kila mpishi anajua nyumba yake hula vibaba vingapi. Kibaba cha ziada kinachopikwa kwa ajili ya kesho kibakie ghalani. Na kwa wale ambao asubuhi bila kiporo si asubuhi, tuna pendekezo ambalo wenzetu ofisini wamelicheka kisha wakalijaribu: pika kibaba kimoja alfajiri, uache moto wa chini ufanye kazi yake. Ukichunguza vizuri, nusu ya utamu wa kiporo ni ukoko, na ukoko hauhitaji kulala.

Dikoni

Mikoko ya delta ya Rufiji ndiyo msitu mpana kuliko yote ya aina hiyo katika Tanzania, na tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mlaji anaweza kuona hayo ni mambo ya wataalamu, lakini yanamhusu mpaka kwenye sahani. Kamba hutaga baharini. Vifaranga vyake husukumwa na maji yanayojaa hadi kwenye mikoko, vikajificha na kula humo, kisha vikikua hurudi baharini. Kwa hiyo kamba wengi wa pwani yetu wanaofika mezani wamelelewa na matope ya mahali kama Salale au Mbwera.

Akitoka majini, kamba huharibika haraka kuliko karibu kitoweo chochote kingine. Chanzo kiko kichwani, ambamo mna viungo vya kumeng'enya chakula; mnyama akishakufa, viungo hivyo huanza kuimeng'enya nyama yake mwenyewe. Ndiyo maana mlaji huanza kutazama kichwa. Kikiwa kimekaza, ganda linang'aa na harufu ni ya bahari, mambo ni mema. Kichwa kikilegea na kuning'inia, weusi ukianza kutambaa kutoka kichwani kuelekea kiwiliwili, kamba huyo amekaa. Weusi wenyewe si sumu, bali ni kalenda. Ikija harufu kali inayochoma pua, kama ya choo cha stendi, hapo hakuna mjadala.

Kwa samaki, tazama macho: yawe yametuna na maangavu, yasiwe yamezama na kuingia ukungu. Funua matamvua, ambayo wengi huyaita mashavu: yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi, isibakie na shimo. Usidanganywe na maji yanayonyunyizwa kila baada ya dakika tano. Humfanya samaki ang'ae, hayamrudishii siku aliyopoteza.

Kaa wa mikoko ana sheria yake. Anunuliwe akiwa hai, kwa kuwa nyama yake huoza mara tu anapokufa, na anunuliwe kwa uzito wa mkononi zaidi ya ukubwa wa macho. Kaa aliyetoka kujivua ganda huwa mkubwa kwa nje na mtupu ndani, amejaa maji. Bonyeza ganda la tumboni karibu na miguu. Likibonyea, mwache aende akanenepe.

Kuhusu bei tuna neno moja. Kamba wakiuzwa kwa fungu, mlaji ananunua kwa macho, na macho hupenda kudanganywa na fungu lililopangwa kwa ustadi, wakubwa juu na wadogo chini. Wakiuzwa kwa kilo, mizani iwe na chapa ya Wakala wa Vipimo. Na kabla ya kulinganisha bei ya muuzaji huyu na yule, uliza kama ni kamba wenye vichwa au waliokatwa, kwa sababu kichwa huchukua theluthi moja ya uzito au zaidi. Kilo ya bei nafuu yenye vichwa inaweza kuwa ghali kuliko jirani yake. Lakini mpishi mwenye akili hatupi vichwa vya kamba wabichi. Vikichemshwa na nyanya na ndimu hutoa supu ambayo hatutaisifu zaidi hapa, tusije tukaonekana tumesahau kazi.

Pua inapoanza kubabaika

Hadi hapa mkaguzi wetu ameshinda karibu kila shauri. Sasa tumpeleke kwa vibua na jodari.

Samaki wa jamii hizi, pamoja na wengine kadhaa wenye nyama nyeusi, wana kitu cha asili mwilini ambacho bakteria hukigeuza kuwa kemikali iitwayo histamini, iwapo samaki amekaa kwenye joto. Mabadiliko hayo yanaweza kufika mbali kabla samaki hajaanza kunuka. Aliyekula huhisi uso unawaka, midomo inawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, na pengine vipele hutoka mwilini. Huja upesi, ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili. Watu husema, “Mimi samaki fulani hanipendi,” wakaacha kumla maisha yao yote, ilhali kosa halikuwa la samaki wala la mlaji bali la jua la saa sita. Kwa wengi hali hiyo hupita ndani ya siku moja. Anayeshindwa kupumua vizuri apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kukaanga hakuondoi histamini. Kuchemsha hakuondoi, kukausha hakuondoi, na kumgandisha samaki baada ya kosa hakulifuti kosa. Kinga ni baridi tangu samaki anapotoka majini, na katika nchi za joto kipimo kinachoshauriwa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu huyeyuka, na njia ya kutoka visiwani hadi Nyamisati, na kutoka Nyamisati hadi barabara kuu ya Kilwa, haimwonei huruma mtu. Hivyo pua ikifika mwisho wa elimu yake, mlaji atumie mdomo. Mazungumzo yenyewe si marefu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Vibua hawa wa lini?”

“Wa usiku wa kuamkia leo, mama.”

“Barafu uliitia saa ngapi?”

Kijana anayejua kazi yake hujibu kabla swali halijaisha, na pengine hufunua boksi uone mwenyewe. Kijana anayekuna kichwa na kuanza kusifia ukubwa wa samaki naye amejibu. Kuuliza si ukorofi. Mlaji ana haki ya kupewa taarifa za kweli kuhusu anachonunua, na muuzaji mwaminifu hufaidika, kwa kuwa gharama ya barafu yake hatimaye inaonekana.

Pua inaponyamaza kabisa

Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, familia kadhaa zilikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki, na makumi ya wengine walilazwa. Miaka michache kabla, mwezi Novemba 2021, Pemba hiyohiyo ilizika watu 7 kwa sababu hiyo. Nyama haikuwa imeoza. Haikuwa na harufu mbaya, haikuwa chungu, na iliandaliwa na watu waliozaliwa na kukulia baharini. Hakuna mpishi ambaye angeigundua.

Tunaliandika jambo hili hapa kwa sababu bahari ya Panza na bahari yetu ni moja. Kasa na ng'amba hutaga katika fukwe za Mafia, ng'ambo ya delta, na hutokea wakanasa katika nyavu. Nyama yao wakati mwingine huwa na sumu, ambayo wataalamu wanaamini inatokana na vitu wanavyokula wanyama hao baharini. Si kila kasa anayo, na hapo ndipo mtego ulipo. Mzee anaweza kusema, tena kwa ukweli, kwamba amekula kasa tangu utotoni na hakudhurika. Ushahidi wake unahusu wale aliowala, hauhusu huyu aliyeko chunguni. Hakuna dalili ya nje, hakuna kipimo cha jikoni, na moto hauiondoi sumu. Dawa ya kuibatilisha haijapatikana; hospitali humsaidia mgonjwa kupumua na kupata maji mwilini wakati mwili ukipambana.

Dalili ni kichefuchefu na kutapika, mdomo na koo kuwaka, vidonda mdomoni, kushindwa kumeza, kisha usingizi mzito usio wa kawaida. Zinaweza kuchelewa hadi siku moja au zaidi. Watoto hudhurika kuliko watu wazima, na mtoto anyonyaye anaweza kupata sumu kupitia maziwa ya mama aliyekula. Kwa mkazi wa kisiwani hili lina uzito wa pekee, kwani safari ya hospitali hungoja mtumbwi, na mtumbwi hungoja maji yajae. Kwa hiyo mtu akishakula asisubiri kuumwa. Wote waliokula chungu kimoja, pamoja na watoto wanaonyonya, wapelekwe kituo cha afya kwa maji ya kwanza yanayopitika, na afisa afya wa kata aarifiwe ili nyama iliyogawiwa majirani isipikwe. Kasa analindwa na sheria za uvuvi za nchi yetu, na huenda baadhi ya watu hukaa kimya kwa kuogopa kukamatwa. Tunawasihi: mwambieni mganga kilicholiwa. Mganga anatibu mgonjwa.

Na watoto wafundishwe kumtambua bunju, yule samaki anayejijaza na kuwa duara akishikwa. Anachekesha mkononi, lakini sumu yake hupooza misuli, nayo pia haisikii moto. Wamrudishe majini.

Jioni

Tulimwahidi mlaji kahawa, na haifai kumwacha ufukweni na habari nzito. Jua likishuka, muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, na barazani nafasi huanza kuwa finyu. Kahawa ni chungu makusudi ili kashata iwe na kazi ya kufanya. Kikombe ni kidogo makusudi ili mazungumzo yawe na sababu ya kuagiza kingine. Katika starehe zote zinazouzwa katika wilaya hii, tunadhani hakuna inayotoa muda mrefu zaidi kwa fedha kidogo zaidi.

Lakini kashata ni karanga, na karanga huweza kuwa na sumukuvu. Hii hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hayo ni madhara ya kiwango kikubwa kwa muda mfupi; kiwango kidogo kinacholiwa kwa miaka mingi hudhuru ini na kuongeza hatari ya saratani yake, zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Delta ni nchi ya maji. Baada ya mafuriko kama yale ya mwaka 2024, yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, mazao yaliyolowa huwa mengi, na kishawishi cha kuyaokoa kwa kuyasaga huwa kikubwa.

Kuvu mwenyewe pua huweza kumnusa, akiwa mwingi. Sumu aliyoiacha haina harufu, na kukaanga hupunguza sehemu tu. Bahati nzuri hapa macho yana uwezo mkubwa, ilimradi karanga ziwe bado nzima. Sumukuvu haisambai sawasawa. Hujikusanya katika punje chache mbovu, hivyo kuzitoa hizo chache huondoa sehemu kubwa ya hatari. Karanga zilizokwisha kusagwa, na kashata za unga wake, humnyima mlaji nafasi hiyo. Ndiyo maana tunapendelea kashata ambayo punje zake zinaonekana, na tunapendelea zaidi ile iliyotengenezwa nyumbani.

Zoezi la somo hili ni la jioni moja. Nunua karanga mbichi kibaba kimoja. Zimwage kwenye ungo, mahali penye mwanga, na uwaite watoto. Watoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu na zilizotobolewa na wadudu. Wahesabu walizotoa, watoto hupenda kushindana, na macho yao ni makali kuliko yetu. Zilizotolewa zichimbiwe shimo, wasipewe kuku, kwa kuwa sumu hiyo huwadhuru nao. Zilizobaki zianikwe juu ya mkeka au turubai, kamwe si juu ya ardhi tupu, mpaka ukizitikisa zisikike zinagongana. Kisha ziingie kikaangoni, sukari iyeyushwe, iliki itiwe kidogo, na mmoja atumwe akamwite muuza kahawa kabla hajapita.